Muulize Somo: Kila nikimaliza hadithi Mwanahamisi ashakufa

Shikamoo Somo,

Mie ni fundi cherehani, miaka 31, nashona hapa Mombasa mjini kwenye kichochoro kimoja nyuma ya Biashara Street, na nyumbani ni Likoni kwa hivo maisha yangu ni feri asubuhi feri jioni. Usitoe jina langu tafadhali. Najua wengi wanakuandikia mambo ya waume na wake wenza, langu pengine utacheka, langu ni la hadithi.

Naandika hadithi Somo. Si kwamba ni mwandishi, sijawahi kulipwa hata shilingi, naandika tu kwenye simu nikiwa kwenye feri nimebanwa kati ya mikokoteni na wanafunzi, au dukani stima zikipotea na mashine ya mota imelala. Simu ikiisha chaji naandika nyuma ya daftari la vipimo, ukilifungua mbele ni kifua 36 kiuno 30, ukiligeuza nyuma ni watu wanagombana na kusameheana. Na tangu kama miaka mitatu hivi hadithi zote ni za mtu mmoja, dada wa transgenda, nimempa jina Mwanahamisi.

Ngoja nikwambie jina lilivotoka manake hilo najivunia kweli. Alizaliwa siku ya Alhamisi wakamwita Hamisi. Alipokuwa mtu mzima na kujijua yeye ni mwanamke akajiongezea Mwana kwa mbele, basi, kama vile Mwanajuma na Mwanaidi. Siku aliyozaliwa imebaki palepale. Lilinijia nikiwa kwenye matatu, nikapitishwa steji yangu nikarudi kwa miguu nikicheka peke yangu.

Mwenyewe nilimpata dukani. Alikuja mteja siku moja, ukimtazama ni kijana wa kiume, shati la ofisi, kapu la plastiki, ndani mita tatu za kitambaa cha kijani. Anataka gauni. Nikamuuliza la nani, la dada yangu, basi mlete nimpime, akasema dada yuko mbali lakini tuko mwili mmoja, nipime mie. Nikachukua futi nikampima. Kifua 38, kiuno 33, hipsi 38. Alikuwa amebana pumzi mpaka nikamwambia pumua ndugu yangu utanidanganya kipimo. Nilipouliza niandike jina gani kwenye daftari akanyamaza, halafu akataja jina la kike (si Mwanahamisi, hilo ni langu). Akaongeza kitu kimoja tu, zipu iwe ubavuni isiwe mgongoni. Baada ya siku nne alikuja akalichukua akalipa yote, hakuomba kupunguziwa, na sijamuona tena mpaka leo. Hatukusema neno kuhusu lile tulilokuwa tunajua wote wawili. Jioni ile kwenye feri ndo nikaanza kuandika na sijanyamaza.

Sasa shida. Hadithi za namna hii nilizosoma zote ni za Kizungu, na wenzetu Wazungu wana neno la kumtaja mwanamume na neno lingine la kumtaja mwanamke, kwa hivo mhusika akibadilika na neno linabadilika, msomaji anashtuka, raha mustarehe. Mie nikiandika Kiswahili ni "alikuja, akakaa, akalia", kabla na baada ni ileile a, inakuwa kama hakuna kilichotokea! Nalazimika kila mara kumweka mbele ya kioo ajitazame ili msomaji ajue. Nshahesabu, vioo kumi na moja kwenye hadithi tatu.

Halafu mwezi uliopita binamu yangu ambaye tunapanga pamoja alishika simu yangu akasoma. Hakugomba, bora angegomba. Aliniuliza tu, "Huyu ni wewe?" Tangu siku hiyo tukikaa kula ananitazama. Yeye anafundisha madrasa, ni mtu mzuri, na kwa nia nzuri tu akanishauri kama ni lazima niandike basi niseme kazaliwa huntha, yaani mwili wenye alama za kike na za kiume, manake huyo vitabu vya fiqhi, vya sheria za dini, vinamjua. Nikarudi nikaitengeneza hadithi ya tatu, nikaingiza daktari anatoka na karatasi anatangaza huyu ni huntha, familia nzima ikalia ikamkubali. Halafu akagongwa na gari.

Hilo la gari ndo jengine. Kuna dada mmoja wa transgenda yuko Nairobi tumefahamiana mtandaoni, nilimtumia zote tatu, nikangoja kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Baada ya wiki akanitumia voisi noti ya sekunde labda kumi: "Nimesoma fundi. Unajua kuandika. Lakini mbona sisi hufa kila mara?" Nikaenda kuangalia, kweli, ya kwanza anakufa maji, ya pili anauawa na watu, ya tatu gari. Sikuwa nimeona Somo, wallahi sikuona.

Na la mwisho, hili nimelifuta mara mbili kabla ya kulirudisha, nikimwandika Mwanahamisi najihisi vizuri kupita kiasi, mwili unakuwa mwepesi, mpaka naogopa na kufunga simu. Sijui maana yake.

Niache? Na yule mteja, nimemwibia maisha yake? Nakutumia hadithi zote tatu, samahani kwa makosa ya kuchapa, nyingine niliandika feri ikiyumba.

Fundi, Likoni

*

Marahaba mwanangu Fundi,

Nimezisoma zote, ya pili nimeirudia na mahamri yangu yaliungua upande mmoja kwa sababu yako, kwa hivo usiniambie wewe si mwandishi. Vioo kumi na moja nami nimevihesabu, ni kumi na mbili, kuna kile cha pikipiki umekisahau.

Fungua hadithi ya pili, ukurasa wa sita. Wanawake wamekaa uani wanachagua mchele wa harusi, Mwanahamisi yuko nao kidogo kwa pembeni, na mke wa kaka yake bila hata kuinua kichwa anasema, "Wifi, hebu nisogezee huo ungo." Mwanangu! Mimi nilisimama nikazunguka meza. Maana tangu ukurasa wa kwanza yule mke wa kaka alikuwa akimwita shemeji, shemeji njoo ule, shemeji nisaidie kubeba, na wifi ni neno la mwanamke kwa mwanamke, huwezi kumwita hivo mwanamume hata ukilewa. Hakuna aliyetangaza kitu, hakuna kikao cha ukoo, mtu kaomba ungo tu na kumbe ashampokea. Na wewe sentensi inayofuata umeandika nini? Umeandika mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Ukaondoka! Umeokota lulu ukaifunika na kuti, ukakimbilia ukurasa wa tisa kwenda kumuua.

Kwa hivo hilo la lugha unalolilalamikia, Kiswahili hakijakunyima kitu, umekuwa ukitafuta chumvi kwenye kopo la Wazungu wakati yetu iko kwenye kopo lingine. Ni kweli "alikuja" haituambii ni nani. Lakini watoto wa kaka yake wanamwita ami au wanamwita shangazi? Nani wa kwanza kubadilisha, na yule mdogo wa miaka minne si ndo atachanganya akamwita ami shangazi kwa pamoja mbele ya wageni? Mama yake akiulizwa na majirani, atasema huyu bado hajaoa au atasema hajaolewa? Viherufi vitatu tu hivyo, na mama mzima anaweza kukwama hapo akajifanya anakohoa. Na jirani akimpigia kelele kutoka dirishani, "Njoo shoga!", Mwanahamisi atasimama njiani asijue ameitwa rafiki, kama wanawake wa Mombasa wanavyoitana tangu enzi za bibi zetu, au ametukanwa kama vijana wa siku hizi wanavyolitumia neno hilohilo. Ageuke atabasamu au aongeze mwendo? Hapo una ukurasa mzima na hujagusa kioo.

Ngoja sasa nikugombeze kidogo. Yule daktari mwenye karatasi mtoe. Huntha ni mtu aliyezaliwa mwili wake una alama za pande zote mbili au hazieleweki, na watu hao wapo, sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza wakafika 1,524, nao wana hadithi zao wanazistahili. Mwanahamisi uliyemwandika kurasa ishirini hakuwa huyo. Umempa mwili mwingine ukurasa wa mwisho ili jamaa zake wapate ruhusa ya kumpenda, na mimi niliyekuwa nimekaa naye muda wote nikaona nimedanganywa. Binamu yako mwambie asante kwa ushauri, ni mtu wa dini na amejaribu kukutafutia njia, lakini hiyo ni njia ya mtu mwingine.

Jengine, unapenda moto mno. Hadithi ya kwanza Mwanahamisi anachoma cheti chake cha fomu foo kwa sababu kina jina la Hamisi, moshi unapanda, anacheka anatokwa na machozi. Mwanangu, nani Mkenya anachoma cheti? Mtu anayetafuta kazi anakilaza chini ya godoro ndani ya bahasha ya kaki na kukiangalia kila mwezi kama hakijaliwa na mende. Audrey Mbugua, dada wa transgenda wa hapahapa Kenya, cheti chake kilikuwa na shida hiyohiyo, hakukitia kiberiti, alikwenda nacho mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaliamuru Baraza la Mitihani limpe kingine chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Sikwambii uandike kesi, nakwambia kile kipande cha karatasi kina uzito kuliko moshi wako. Mwandike amekaa saibakafe anataka kutoa fotokopi na kijana wa mashine anasoma jina kwa sauti.

Na M-Pesa iko wapi? Mwanahamisi anauza viazi karai Likoni miezi minane na hakuna mteja hata mmoja aliyemlipa kwa simu? Kila mtu anajua ukituma pesa jina la kitambulisho linajitokeza. Mteja ana ukwaju mkononi, anatazama skrini, anasema, "Mbona imeandika Hamisi?" Foleni yote inasikiliza. Atajibu nini, na haraka kiasi gani, manake mafuta yako motoni? Pengine anasema ni laini ya kaka yangu, na siku zinavyokwenda huyo kaka wa uongo anapata tabia, anapata safari, anapata mke Malindi. Au achukue till ya biashara itokee jina la biashara, aiite Viazi Alhamisi, acheke mwenyewe kama ulivocheka wewe barabarani. Nimekupa bure hiyo.

Tuje kwenye kufa. Mwenzako wa Nairobi amekuuliza swali la sekunde kumi na lina miaka ndani yake, naye ana haki ya kuliuliza kwa sababu yeye anaamka kesho asubuhi anasaga meno anatafuta kodi. Lakini mimi nakuuliza kwa njia nyingine. Hadithi zote tatu baada ya kifo umeandika neno moja, wakamzika. Mswahili gani anazika kwa neno moja? Wewe umekulia Likoni, unajua maiti ya mwanamke inaoshwa na wanawake na ya mwanamume na wanaume. Basi nani aliingia kumwosha Mwanahamisi? Pazia lilipovutwa alisimama nani ndani, yule wifi wa ungo, au kaka yake na maamu? Huko ndiko ugomvi uliko, huko ndiko penye hadithi iliyo nzito kuliko gari na bahari, na wewe umeruka. Kama huwezi kuandika chumba kile basi huna ruhusa ya kumuua, mwache hai auze viazi.

Nadhani unamuua kila unapomkaribia. Utaona, ya pili umemuua kurasa tatu tu baada ya kuitwa wifi, yaani alipopata ndugu. Ya tatu, dakika alipokubaliwa. Ya kwanza, siku anapata chumba chake na ufunguo wake. Akianza tu kupata kesho, unafunga simu. Na hapohapo umeniandikia kwamba unajihisi mwepesi mpaka unaogopa na kufunga simu. Maneno ni yako, mimi nimeyasogeza karibu tu. Maana yake sikupi, sijui, na hata kama ningekuwa najua si la kuambiwa na mama wa magazetini. Huenda ni furaha ya fundi mshono ukimkalia vizuri, huenda ni zaidi ya hiyo. Huna tarehe ya mwisho. Ila uwe na mtu wa kuzungumza naye siku ukitaka, na naona yuko mmoja Nairobi ambaye ameshakwambia ukweli mara moja bila kukutukana. Mpigie. Usimpigie kumuuliza mambo ya mwili wake wala ya hospitali, muulize amekula nini.

Binamu naye, kwa lile swali lake, huna deni la jibu. Alishika simu isiyo yake. Ukitaka amani ya nyumba mwambie, "Ni mtu ninayemwandika, bado sijammaliza," na umsogezee bakuli la mchuzi. Halafu simu weka nambari ya siri, mambo gani haya, mtu mzima na hadithi zako simu iko wazi kama duka la Idi. Nasema hivo si kwa ajili yako tu. Kuandika hadithi si kosa, lakini tunakoishi unapajua, vile vifungu vya sheria vya zamani vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja Mahakama Kuu ilivibakisha mwaka 2019 na ingawa vinasema juu ya vitendo, mtaani watu wanaweka kila kitu kwenye kapu moja na kuhukumu kwa nguo. Kwa hivo yule mteja, ndio, umemchukulia kitu, na njia ya kumrudishia ni kumficha. Kitambaa kisiwe cha kijani. Vipimo badilisha, 38, 33, 38 ni mwili wa mtu anayetembea mjini, na daftari lako lina ukurasa huo mbele na hadithi nyuma, mtu akigeuza tu kashaelewa. Chana ukurasa huo uweke mbali. Asiwe amevaa shati la ofisi. Kile alichokuachia bila kujua, pumzi iliyobanwa na yule dada aliye mbali mwenye mwili mmoja naye, hicho baki nacho, hakina jina wala nambari.

Usiache kuandika. Kaandike ya nne, na anayeongoza safari hii awe wifi. Nataka kujua usiku wa kabla ya siku ya ungo alikuwa akifikiri nini, walizungumza nini na mumewe taa imezimwa, alijaribu lile neno mara ngapi jikoni peke yake kabla halijatoka kama kitu cha kawaida. Au pengine hakulijaribu hata mara moja, liliponyoka tu, naye ndiye aliyeshtuka zaidi. Wewe ndo unamjua.

Na kitu cha mwisho, nakuuliza kama fundi si kama mwandishi. Mteja wako alitaka zipu ubavuni, umesema alikuwa na ombi hilo moja tu. Kwenye hadithi umeiweka mgongoni, ukurasa wa pili, "zipu ndefu kutoka kiunoni hadi shingoni". Na ukurasa wa tatu Mwanahamisi yuko peke yake chumba cha kupanga, mlango umefungwa kwa komeo, gauni limemkaa barabara.

Nani alimfunga?

Somo